Chaneli Tupu Inayojaa Nikifika

Jumanne, Rwamishenye. Mvua tangu asubuhi, na mimi nimenuna kuizidi.

Kesho saa tatu mwalimu mkuu wa sekondari moja kule Kimwani anataka jibu: ipo chaneli ya televisheni isiyotumika, tuipitishie intaneti ya shule, au haipo? Nikisema haipo, mradi umekufa, narudi kufungua redio za watu.

Kipimo nimekiunda mwenyewe. Sina digrii, nina mkono na hesabu. Kinapima nguvu ya mawimbi tu: ikivuka kiwango nilichoweka, chaneli ina mtu. Injinia Deo, ambaye digrii anayo na hatuachi tusahau, alinicheka. "Fundi, hicho kinasikia kelele tu, hakijui nani anazipiga." Yeye ana programu inayotafuta umbo lenyewe la mawimbi ya televisheni. Nikamwambia abaki nayo.

Jana nimepima kwenye nyumba nne jirani na shule, mara tano kila nyumba. Kati ya ishirini, kumi na tisa: ina mtu.

Chaneli ambayo mkoa mzima hakuna kituo kinachoitumia!

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Koku, mjane. Nikatafuna akamwani, ile kahawa yake ya kukaribishia, nikaaga. Nimefika kwenye migomba nakumbuka chaja. Narudi, namkuta anazima televisheni, na inveta ya sola anazima.

"Mama, mbona unazima?"

"Si umeondoka, waitu? Nilimwashia mgeni. Mimi na kuku wangu tuangalie nini?"

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Nyumba zote nne waliniwashia. Ni heshima, hata kwangu tunafanya hivyo, ndiyo maana sikuona. Na inveta hizi za bei rahisi zinamwaga kelele za mawimbi kila chaneli.

Siku nzima nilikuwa napima ujio wangu mwenyewe.

Nikapima tena, inveta imezimwa: sifuri kati ya tano. Lakini shule nayo ina inveta, na haitazimwa kwa ajili yangu; pale kipimo changu kitasema ina mtu milele.

Basi nikiri. Leo nimemtumia Deo rekodi zote ishirini za mwanzo. Programu yake imesema: televisheni, sifuri. Chaneli ni tupu. Ameandika neno moja tu, "Pole," na limeniuma kuliko kile kicheko.

Ripoti iko tayari. Jina la Deo nimeliweka juu ya langu, kama haki inavyotaka.

Kwa maandishi saizi nane.