Mjomba Amiri na Kanda Zisizo na Majalada

Majengo, Dodoma
22 Agosti 1993

Dada yangu Mwanamvua,

Shikamoo. Kwa heshima zote, na kwa masikitiko niliyoyapima yasizidi yanavyostahili, nakutangazia wewe, shemeji Hanifu na jamaa wote mlioko Tabora kwamba majalada ya kanda za video za mjomba wetu Amiri hatunayo tena. Yameliwa na mchwa. Mazishi hayakufanyika kwa kuwa hakikubaki cha kuzika. Usishtuke, watu wote ni wazima.

Baada ya tangazo hilo niwaulize hali. Kifua cha shemeji kimepoa? Lulu ameacha kula udongo, au bado anaonja kila ukuta anaoukuta? Sisi huku hatujambo. Upepo wa Agosti unatutilia vumbi mpaka ndani ya sufuria, na wale wanaotuambia kwamba hapa ndipo makao makuu bado wanaishi Dar es Salaam, wanakuja kututazama na kurudi kabla viatu havijachafuka.

Barua yako niliipata. Umeomba kitu kimoja tu, kanda ya harusi yako, ili Lulu amwone bibi yake anavyotembea na kucheka, maana picha pekee tuliyo nayo ni ile ya kadi ya chama, ambayo mama mwenyewe aliikana mbele ya katibu, akasema amepewa sura ya mwanamke mwingine. Sijasahau siku ya arobaini ya mama, mjomba alivyosimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, akatuambia tusilie, dada yake yumo kwenye kanda, kampiga picha yeye kwa mkono wake, na anacheka. Uliacha kulia kwa neno lile, nilikuona. Kwa hiyo nakueleza kwa nini kanda imechelewa, na naomba unisome polepole.

Tangu kila mtu aruhusiwe kufanya biashara, mjomba amekuwa mfanyabiashara, na hakuna mtu aliyemzuia. Chumba cha mbele amekifanya maktaba ya video, na juu ya mlango ameandika neno "Kimataifa". Filamu za karate, za Kihindi na za vita zilipangwa rafuni mpaka darini, pamoja na harusi zetu. Unajua utaratibu wake: anapiga harusi kwa kamera yake, halafu kanda anakaa nayo yeye, eti sisi hatuna deki ya kuichezea na tutaiweka karibu na jiko. Kisha anaikodisha. Na watu wanakodi, dada. Wanataka kuona mshono wa gauni, nani kaja na nani, na nani kapakua mara mbili. Harusi yako imetazamwa Kizota nzima na mafundi magari wasiojua hata jina lako. Sisi wenyewe, siku tuliyokaa kuitazama, umeme ulikatika wewe ukiwa ndiyo kwanza unatolewa ndani, na kila tulipoiulizia tena ilikuwa kwa mteja. Mama alisema hana haja ya kutazama harusi aliyokuwepo.

Sasa mchwa. Mjomba aliambiwa na mafundi wa Kizota kwamba dawa ya mchwa ni oili chafu. Akaleta debe zima, akapaka miguu ya rafu, akapaka sakafu kuizunguka, akapaka na suruali yake. Alipomaliza akaisukuma rafu ikaegemea ukuta wa udongo ili isianguke. Mchwa hawakuwa na sababu ya kupita miguuni. Walipita ukutani. Alipokwenda Singida kwenye msiba na kurudi, wamekula majalada yote, wamekula na karatasi za majina zilizobandikwa ubavuni. Plastiki wameiacha. Zimebaki kanda nyeusi tupu, zinafanana kama matofali, na hakuna aliyejua ipi ni karate na ipi ni harusi ya binti wa imamu.

Mjomba hakusema amekosea. Alisema mchwa wa siku hizi wamebadilika. Akaunda kamati, kwa sababu katika mji huu hata ndoo ikivuja inaundiwa kamati. Mwenyekiti yeye. Mtaalamu akawa Bwana Mazengo, karani wa ofisi moja ambaye hajawahi kusema neno "sijui" mbele ya watu. Wajumbe tukawa Paskazia, fundi cherehani wa pale barazani kwetu ambaye anajua filamu za Kihindi kwa kulia, na mimi, kwa kuwa nina mwandiko na ninaweza kuchora kidogo. Kazi yetu ilikuwa kuzitia dekini moja moja, kuzitambua, kuziandika upya na kuzichorea majalada.

Bwana Mazengo alikuwa akitazama kidogo tu, mzee mmoja wa Kichina anauawa na wanafunzi wake wanalia, anasema basi, hii naijua, andika "Kisasi". Ya pili, mzee mwingine wa Kichina anauawa. Andika "Kisasi Kikuu". Ya tatu akaitazama kwa makini zaidi, akasema hii ni "Kisasi" yenyewe, ile ya kwanza tulikosea. Paskazia akamuuliza kwa upole kama ofisini nako anafanya kazi hivihivi, kisha anashangaa mafaili yanapotea. Bwana Mazengo akamjibu kwamba mwanamke anayelilia watu wa kwenye kioo hana la kumuuliza msomi. Paskazia akasema yeye angalau analia mpaka mwisho wa filamu.

Nikagundua kwamba jina lenyewe halina kazi. Nilikaa mlangoni nikawasikiliza wateja. Hakuna hata mmoja anayeuliza jina. Wanauliza steringi ni nani, ana bastola au anatumia mikono, na je, anakufa? Ukisema anakufa hawachukui, wanaona wameibiwa. Basi kila kanda nikaiandikia hivyo: steringi, adui, hafi. Kwa zile ambazo steringi anakufa kweli, mjomba aliniamuru niandike "hafi sana".

Majalada nikayachora kwenye karatasi ya manila. Kipaji changu unakijua, naweza kuchora uso kwa upande tu, kwa hiyo masteringi wote wa Dodoma wanatazama kushoto kama wanaosubiri basi la Iringa. Mjomba hakujali uso. Alitaka damu na helikopta. Nilimwambia filamu hii ni ya mjane anayefukuzwa na wakwe zake, helikopta itatua wapi? Akanieleza, kwa sauti ya kumfundisha mtoto, kwamba jalada si la filamu, jalada ni la mteja. Nikachora helikopta juu ya mjane.

Kanda hiyo ilikodiwa na kijana anayeitwa Matonya kwa ajili ya wavunaji wa zabibu wa Makutupora. Walikodi na jenereta. Watu wazima, wamechoka na shamba, wameketi chini wakamtazama mjane akilia na kuimba tangu mwanzo mpaka mwisho, macho yote juu angani wakingoja helikopta. Matonya alikuja kulalamika amekunja uso. Mjomba akamwambia helikopta imo sehemu ya pili. Matonya akaomba sehemu ya pili. Dada, nilichora sehemu ya pili hapohapo, nikampa filamu ya karate, na hajarudi kulalamika. Unaona tunavyoishi. Mtu anadanganywa, na kinachomuuma ni kwamba hakudanganywa vya kutosha.

Nilipofika kwenye harusi ndipo kazi ikawa ngumu, kwa sababu mjomba hapigi harusi, anapiga wakubwa. Kila kanda inaanza na gari la mgeni rasmi. Halafu mgeni rasmi anashuka. Halafu tunamtazama mgeni rasmi akinywa soda mpaka inaisha, na kamera haitikisiki, utadhani tunaapishwa. Maharusi wanapita pembeni kama watu waliopotea njia. Bwana Mazengo alitaka tuziandike kwa majina ya wageni rasmi, akasema hilo ndilo jambo la kihistoria. Ya kwako niliitambua kwa shingo yako, unavyoikaza ukiwa umekasirika. Ulikasirishwa na nini siku ile? Nadhani viatu.

Nilimwita Paskazia tuitazame pamoja, maana alikuwa jirani wa mama na gauni lako alishona yeye. Tukakaa. Mgeni rasmi akashuka, akanywa, akatoa hotuba juu ya kilimo cha kufa na kupona. Shemeji akatabasamu, Mungu amsamehe kwa ile tai. Mashangazi wakapita na vigelegele. Mjomba akampa mtu kamera ili naye aonekane akimpa mkono mgeni rasmi, na hapo ndipo picha ilipotulia kuliko pote. Kanda ilikuwa inakaribia mwisho Paskazia aliposema, bila kunitazama, mbona mama yenu hatumwoni?

Nilimwambia atakuwa mbele. Tukafika mwisho. Nikairudisha, nikaitazama tena peke yangu, nikiisimamisha kila palipopita mwanamke mwenye kanga. Ni wengi. Si yeye. Paskazia alirudi akakaa na kitambaa chake mapajani, akaniambia sasa amekumbuka vizuri, walikuwa wote jikoni uani tangu alfajiri, mama hakutoka hata kula. Walipomwita aje apigwe picha na bibi harusi alisema ananuka moshi, ngoja aoge. Alipomaliza kuoga mgeni rasmi alikuwa ameondoka, na mjomba alikuwa amefunga kamera.

Nilimwendea mjomba. Nilimuuliza mbele ya wateja wake kwa nini alituapia vile siku ya arobaini. Hakuona haya. Alisema uani hakukuwa na mwanga, kanda ni ghali, na msibani mtu husema neno la kuwatuliza watu. Kisha akanikabidhi karatasi ya manila, akasema mpwa wangu, wewe sura yake unaijua, mchore kwenye jalada, Mwanamvua akiiona ataridhika. Kuhusu helikopta, akasema, kwa hii siilazimishi.

Karatasi nilimrudishia. Mama sitamchora akitazama kushoto ili ndugu yake apate kulala. Kanda nimempa Khamisi wa reli, anakuletea yeye mwenyewe mkononi pamoja na barua hii, haina jalada wala maandishi. Ningeweza kukuandikia kwamba nayo imeliwa na mchwa, na ungeniamini. Lakini ungeendelea kumwambia Lulu kwamba bibi yake yumo mahali anacheka, na mtoto angekuja kukuuliza ni wapi. Mama hayumo, dada. Mwambie ulivyomjua wewe, na mimi nikija mwezi wa Mfungo Saba nitamwambia ninavyojua mimi, tusigawane kazi hiyo na mjomba.

Nisalimie shemeji, na umwambie ile tai aichome. Mbusu Lulu, na uwasalimie majirani wote wanaonikumbuka. Paskazia anakusalimu, anauliza kama gauni bado linakutosha, na amesema usijibu kama halikutoshi. Mungu awaweke salama mpaka tuonane.

Ndugu yako,
Jamaldini

Pilau aliyoipika mama imo kandani, imepigwa kwa karibu, na inaonekana vizuri.