Sentensi Aliyoimaliza Mtani

Kambi ya mkonge, Korogwe

Kwako Mama Shabani,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati, mke wangu, ni huyu mumeo. Karani wa ofisi, kalamu mfukoni, Wazigua wananipisha njiani! Wewe hujambo? Mama miguu inamwendeaje? Nyumba yetu ya kijiji cha ujamaa mmeshaiezeka? Mimi mzima, nyama tu imepungua mwilini.

Hata Kiingereza sasa nakiunga. Jioni, darasa la ngumbaru likiisha, mwalimu anatubakiza sisi wenye hamu. Juzi katufundisha maneno ya kufunga sentensi mbili ziwe moja: bikozi, yaani kwa sababu, olizo, yaani ingawa, weni, yaani wakati. Anasema ukianza na weni usiishie njiani, unamwacha msikilizaji mguu mmoja hewani. Wenzangu wakaunga mvua na matope. Mimi nikakuunga wewe. Silali vizuri bikozi uko Sikonge. Nashiba olizo mchicha wa huku hauna karanga zako. Mwalimu akasema ni sahihi, ila nimpumzishe mke wa watu. Nikamwambia ni wangu.

Siku hiyo asubuhi nilikuwa nimepata barua yako, kwamba mbuzi wamepata mnunuzi na mnakuja, wewe na Shabani. Basi nikasimama tena, nikaanza na weni: mke wangu akija Korogwe... Nikakwama. Mwalimu ananingoja. Nyuma yangu kaketi Mzigua wa Kabuku, tunalala chumba kimoja, na unajua utani wa Mnyamwezi na Mzigua.

"Atalala katikati yetu," akanimalizia. "Wewe ukutani, mimi mlangoni."

Darasa likaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, nikacheka kuliko wote. Lakini tulipotoka alinishika mkono, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mwandikie, Mnyamwezi. Usipomwandikia wewe nitamwandikia mimi."

Nisalimie mama, umwambie namuota. Nisalimie kaka yako fundi baiskeli, na shangazi aliyetuunganisha. Shabani mbusu kichwani, pale kwenye kovu.

Mbuzi usiwauze. Treni usipande. Hamu niliyokuandikia ni ya kweli, inaniuma hata sasa. Ila ofisini sijawahi kuingia, Mama Shabani. Nakata mkonge. Mimi si karani.

Mumeo,
Baba Shabani