Loko Amemng'ata Baba

Kijiji cha Wolomude,
Flores.
16 Oktoba 2019

Mpendwa mdogo wangu Blasius,

Hujambo huko Sabah kwenye mashamba ya michikichi? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunapumua. Soma hadi mwisho kabla hujapiga simu, maana ataipokea Baba na atakudanganya.

Mbwa wako Loko amekufa. Wiki mbili zilizopita alikataa chakula, akawa anajificha uvunguni na kutafuna kuni. Baba alipomvuta atoke, akamng'ata kiganja. Loko yule yule aliyekuwa akimlamba miguu!

Nilimsugua Baba mkono kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima. Akafoka, "Nela, unanichuna ngozi! Nipake kahawa ya unga, yatosha."

"Kahawa hiyo tutaipika matangani kwako!" nikamjibu. Mungu anisamehe.

Zahanati yetu haikuwa na chanjo. Mume wangu alimpakia Baba kwenye pikipiki hadi mjini, mwendo wa saa tatu. Loko tulimfunga mnyororo. Siku ya tatu akafa, povu mdomoni. Bwana mifugo akachukua kichwa kwenda kupima. Jibu likaja: kichaa cha mbwa.

Sasa nikuungamie. Juni walipopita kuchanja mbwa, mimi ndiye niliyemficha Loko jikoni. Baba alishikilia kwamba mbwa akichanjwa huwa mvivu, hafukuzi tena nguruwe mwitu shambani, nami sikutaka ugomvi. Kila nikiona bendeji ile, nakumbuka nilivyoushika mlango.

Juzi bwana mifugo alirudi na chanjo. Baba alimtangulia nyumba kwa nyumba, ameinua mkono: "Toeni mbwa! Mnangoja muumwe kama mimi?" Hata jirani yetu Kornelis, mbishi yule, alitoa wake wote wanne.

Baba ameshachomwa sindano tatu, imebaki moja. Daktari anasema tuliwahi. Lakini ugonjwa huo ukimwingia mtu maji hayapiti kooni, kwa hiyo kila asubuhi nampa glasi na kusimama namtazama. Leo amechoka nami: "Unakodoa nini? Hujawahi kuona mzee akinywa maji?" Akayamaliza yote, akaomba mengine. Nikaenda kuyachota huku nalia.

Wasalimie mkeo Hendrika na binamu Rofinus. Mama Maria awafunike huko mliko.

Dada yako anayekupenda na kukuomba radhi,
Petronela