Karatasi Mbili za Bwana Merali

Bruxelles, tarehe 9 mwezi wa nane 2017

Kwako Maman Victorine, mama mukwe wangu mupendwa, Katuba, Lubumbashi,

Jambo sana Maman. Mugongo inasemaje? Na ile kikohozi ya vumbi ya saison sèche, hii kiangazi, imekuachia usingizi kidogo? Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mujukuu wako Abigaël ana miezi nane, anatambaa mpaka chini ya frigo na anakula kila kitu anachokuta kule. Barua hii anakuletea Hénock mwenyewe, mutoto wako. Nimemuambia asiifungue njiani, aifungue mbele yako siku ileile ya kufika, kabla ya kutoka kwenda fasi yoyote. Unamujua, akiahidi ameahidi.

Nataka ujue vizuri mambo ya ule mupira wake, maana kwa téléphone anakuelezea kwa kupiga kelele tu.

Ilianza kazini. Anabeba mizigo kwa dépôt moja karibu na Gare du Nord. Siku moja Muhindi mumoja, Monsieur Pravin, alimuona anapandisha frigo kwa ngazi peke yake. Akamuuliza baba yake ni wa wapi, maana pua ile na nywele zile si za Congo peke yake. Hénock akamujibu kwa kucheka kwamba baba ni Muhindi wa Lubumbashi, duka iko, baba hakuna. Pravin hakucheka. Akasema wanatengeneza équipe, timu ya India ya rugby à treize, ile ya watu kumi na tatu, équipe changa kabisa, wanaokota vijana wa damu yao popote Ulaya, Antwerpen, London, lakini wanakosa wenye mabega.

Mimi sikujua mupira huo. Hénock alinionyesha jikoni na mto wa mutoto: unakimbia na ballon mikononi, wanakuangusha, unasimama, wanakuangusha tena, na ukishaanguka mara sita ballon inaenda kwa wengine. Nikamuambia huo si muchezo, hiyo ni foleni ya kungojea karatasi kule commune. Alicheka mpaka akaangusha sufuria.

Maman, sikuwa nimemuona vile. Wewe unajua alivyokomaa. Kule shuleni walimuita Muhindi bila duka, na siku ya bulletin ya matokeo mwalimu alimuuliza mbele ya darasa lote kama baba yake atakuja kusaini ao atatuma kilo ya muchele. Miaka yote hii alimeza. Sasa anasikia kuna inchi nzima inamuita. Akawa anaamuka mapema, anakimbia mpaka Ganshoren na kurudi, anaimba bafuni.

Ila kule pia hawakumupenda mara moja. Entraînement ya kwanza, siku ya mazoezi, walimupa mifuko ya maji abebe, walizani ni muntu wa kazi. Mumoja akauliza huyu nani alimusahau kwa moto mpaka akaungua mweusi hivi. Wote wakacheka, na Hénock naye akacheka. Halafu uwanjani akamuangusha yule mara tatu, na tangu pale wakamuita cousin. Lakini Pravin alisema bila karatasi hachezi. Inafaa muzazi aliyezaliwa India, na kwa acte de naissance ya Hénock, ile karatasi ya kuzaliwa, fasi ya baba ni mustari mutupu. Alors, muzee akubali kwa maandishi kwamba ni mutoto wake.

Hénock akamuandikia baba yake mara tatu. Hakuna jibu. Mara ya ine niliandika mimi bila kumuambia, na dada yangu Régine wa huko Lubumbashi akapeleka kwa mukono. Sikukuomba wewe, Maman, niliona haya. Najua ulivyotoka kwa ile duka na mimba, na wao wakamwaga maji mulangoni nyuma yako, kama kusafisha.

Karatasi ikafika. Kopi ya passeport ya muzee, yenye kuonyesha alizaliwa India, na barua yenye muhuri: mimi Merali nakubali kwamba Hénock ni mwana wangu. Aliisoma akisimama, kisha akakaa chini kwa carrelage na kulia kushinda Abigaël. Alikuwa anasema tu: baba ameniandika, Sephora, baba ameniandika.

Match ilikuwa mwezi wa tano, na équipe moja ya hapa Bruxelles, watu labda makumi sita chini ya mvua. India ilipigwa vibaya. Lakini Hénock alipata ballon, akaburuta watu watatu mpaka nyuma ya mustari, na kwa mugongo wake imeandikwa MERALI. Ile maillot hata kuifua amenikataza. Iko ndani ya valise, imefungwa na karatasi ya cadeau. Kesho yake ya kufika, asubuhi, anataka kuipeleka dukani, amupe baba yake mbele ya wateja na kumuita Papa.

Bon. Sasa nafika kwa jambo lenye kunifanya niandike.

Karatasi hazikuwa moja, Maman, zilikuwa mbili. Régine aliniambia Bwana Merali alisaini ya kwanza akicheka, akasema: kwa mupira wa Ulaya awe mutoto wangu, kwa Lubumbashi asinijue. Na hakuiachilia mpaka ya pili irudi imesainiwa na Hénock. Ile ya pili inasema Hénock hatakanyaga duka wala nyumba, hataita familia ile yake, yeye na watoto wake, na majina ya watoto yaandikwe.

Hénock angeipasua. Angepasua na kurudi kubeba frigo kichwa chini. Nikasaini mimi. Naijua signature yake, ile H yenye mukia. Na kwa mustari wa watoto niliandika Abigaël, na yeye alikuwa ananyonya. Nilijiambia muzee akiona picha ya match, akiona mutoto, moyo itageuka. Nikatuma picha. Ikarudi kwa Régine imekatwa: kichwa ya Hénock walibaki nayo, wakamupa gardien, mulinzi wa mulangoni, ili amujue akifika.

Nilijaribu kumuambia hapa, kila siku. Hata leo akifunga valise nilisema Hénock, akageuka na ile furaha yake, na mimi nikamuuliza kama amebeba chaussettes za miguu. Maman, najua macho yako haioni tena maandishi. Najua ni yeye anakusomea sasa, kwa sauti. Ndiyo maana niliandika.

Hénock, bwana yangu, usisimame. Musomee mama mpaka mwisho. Karatasi ya kwanza ni ya kweli, yule muzee aliisaini. Ya pili ni mimi. Usiende dukani kesho, wanakungojea. Na ukinikasirikia, nikasirikie wewe mwenyewe kwa mudomo wako, usinitumie maneno kwa Régine.

Maman, umushike. Usalimie mama wa paroisse, wale wa kanisani, na wote wa avenue. Mungu akulinde hapo ulipoketi.

Ni mimi, binti yako kama ungali unakubali,

Sephora