Kijiti kwa Mikono Miwili

Mjukuu wangu Letaru,

Salamu nyingi kutoka Ayivu. Muhogo tumeanika, mama yako ni mzima, na mdogo wangu Candiru bado anagombana na kuku wangu.

Umeuliza kama chuo chetu kidogo cha ualimu, pale Ediofe, kilikuwa na riadha kweli. Kilikuwa nayo, na sisi wasichana ndio tulioianzisha! Shida za miaka ile ya sabini tuziache. Tulifanya mazoezi barabarani, kila mtu peke yake, kisha tukaenda Koboko kushindana mbio za kupokezana vijiti.

Candiru ndiye aliyepaswa kunipa kijiti. Alifika akiwa mbele ya wote. Akapiga goti, akaninyooshea kwa mikono miwili, kama msichana aliyelelewa vizuri anavyompa mkubwa wake. Nami nikasimama, nikakipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru!

"Hapana piga goti!" mwalimu wetu akapiga kelele. "Hii iko mbio!"

Wote wakatupita.

Tulirudi tukajifunza upya kwa kipande cha mti wa muhogo: mimi naanza kukimbia, mkono nyuma, bila kugeuka. Mwaka uliofuata, Koboko waliona visigino vyetu tu. Nikaona kwamba kutogeuka nako ni heshima. Ni kumwambia mwenzako, najua utafika.

Hadi leo Candiru akiniletea chai hupiga goti. Jana, nikiwa nakuandikia, nilinyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

Kikombe kikatua kiganjani.

Bibi yako, Ayikoru