Finjani ya Khalfan

Jumapili, tarehe 7
Nimemwagilia midimu ya shambani kwangu Yiti tangu alfajiri. Shamba zuri kuliko yote bondeni. Sijisifu, nnasema kweli. Skuli madarasa manne tu, jeshini miaka ishirini, na sasa nagombea kiti cha Baraza la Shura! Ukuta wangu mpya umekwisha. Umeingia wadini, mkondo wa maji ya mvua, hatua thelathini. Ardhi ya bure. Wadi yenyewe kavu, mbuzi wanalala humo.

Jumatano, tarehe 10
Wapiga kura wamejaa nyumbani Ghubra. Halua, kahawa, vichekesho vyangu. Wamecheka mpaka kukohoa. Khalfan, jirani yangu wa shamba, ng'ambo ya wadi, kapokea finjani, kaiweka chini. Hakunywa. Baraza zima likamtazama. Mtu akifanya hivyo ana haja, na hanywi mpaka umkubalie.

"Bwana Seif, vunja ukuta. Mvua ikija, maji yatageukia kwangu. Na mama hawezi kutembea."

"Kunywa, bwana wee! Maji yananiogopa, mimi nlikuwa sajini!"

Wakacheka. Khalfan kaondoka. Finjani imejaa vilevile. Mke wangu Zuwena kakataa kuiosha. Sikupenda.

Ijumaa, tarehe 12
Redio inasema mvua kubwa milimani. Mbuzi wametoka wadini wenyewe, hawakufukuzwa. Ntavunja baada ya uchaguzi. Nikivunja sasa wataniita mwoga. Nimempelekea mama yake Khalfan kiti cha magurudumu, kizuri, cha ghali. Kaniombea dua. Njiani nikawaza: kiti hakiogelei. Nikacheka. Kisha sikucheka.

Finjani bado iko kwenye sinia.

Jumamosi, tarehe 13
Saa nne asubuhi, mbingu nyeusi. Nimekodi katapila, tumekwenda mbio Yiti. Tumechelewa. Maji yamekata njia. Ukuta wangu umesimama imara, hata ufa hauna. Maji yanaugonga, yanageuka, yanaingia kwa Khalfan. Sawasawa na alivyosema. Yeye nimemwona juu ya paa. Peke yake.

Jumanne, tarehe 16
Siku ya mwisho ya taazia, matanga ya mama yake Khalfan. Ukuta nimeuvunja jana. Jina langu nimelitoa kwenye uchaguzi.

Khalfan mwenyewe kanimiminia kahawa. Nikaiweka finjani chini. Watu wote wameona. Sikuwa na kichekesho.

Khalfan kaitazama, akapita kwa mgeni mwengine.

Nikakaa. Kahawa ikapoa. Hajaniambia ninywe, wala hajaja kuiondoa.