Tochi Juu ya Mti wa Krismasi

Lusia na Wiliam,

Nimewahi kanisani kupamba. Unga wa maandazi nimeshaukanda, uko chini ya kitambaa. Ukiumuka, Lusia, ukaange kwa moto mdogo, siyo kama juzi. Wiliam, chuja ukwaju, uonje kwanza kabla ya kuongeza sukari. Nyota za boksi zibandikeni dirishani kwa uji wa ngano, gundi imeisha.

Sasa hiyo tochi ya kichwani ya baba yenu, ile ya akiba. Mngeniambia kwamba mmeifunga juu ya mti wa Krismasi. Alfajiri nimetoka chumbani, nikakuta taa inanitazama, kimo chake kabisa, kama alivyokuwa akirudi kutoka duarani, kule shimoni mgodini. Nikasema, "Pole na kazi, Baba Lusia." Nikachemsha chai. Nimeshamimina vikombe viwili ndipo nikakumbuka kwamba duara lilimfukia tangu Machi, na hata mwili wa kuzika hatukupata.

Sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

~~Ishusheni kabla sijarudi.~~

Iacheni. Ila igeuzeni imulike mlangoni, apaone pa kuingilia. Na kile kikombe cha pili msikimwage.

Mama yenu